Mganga, Shekhe na Dirisha la Dawa

Mganga wa kwanza tuliyempelekea binti yetu alitupa asubuhi nzima. Alitandika mkeka barazani, akaagiza tuletewe maji ya kunywa, kisha akaanza kuuliza. Mtoto alizaliwa usiku au mchana? Alipoanza kuanguka, mwezi ulikuwa mchanga au mpevu? Siku ile alikula nini, na kwa mkono wa nani? Akitoka shule hupita njia gani? Mama yake alipokuwa na mimba aliota nini? Mke wangu alijibu yote, akalia, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akajibu tena. Daktari wa kwanza alituuliza mawili tu, anaanguka mara ngapi na je, hujikojolea, akaandika kwenye kadi na kumwita mgonjwa anayefuata. Dawa ya daktari ndiyo iliyofanya kazi. Lakini ukiniuliza ni nani kati ya wale wawili aliyemfanya mke wangu arudi nyumbani akiwa na moyo, nitasema ni yule wa mkekani. Hapo ndipo ilipokuwa taabu yetu kwa miaka mingi, na nadhani ndipo ilipo taabu ya wazazi wengi wenye mtoto wa kifafa hadi leo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Muheza, mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Atakayeona jina la Tanga akatabasamu kwa sifa zetu za uganga, na atabasamu, tumezoea. Watu hufunga safari kutoka Dar es Salaam na Mombasa kuja kutafuta kwetu kile ambacho sisi wenyewe tulikipata mtaa wa pili. Lakini Muheza ina sifa nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni malaria. Huko juu Amani, kituo cha utafiti wa kilimo walichokijenga Wajerumani mwaka 1902 kilikuja kugeuzwa kituo cha utafiti wa malaria baada ya Vita Kuu ya Pili, na wataalamu hawakuja pale kufuata hewa safi ya mlimani peke yake. Miaka ya tisini inaishia, mtoto wa Muheza kuugua malaria halikuwa jambo la kumsimamishia jirani njiani.

Binti yetu alikuwa anakaribia miaka miwili homa ilipompanda usiku. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa, halafu mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Mama mkwe alikuwa kwetu. Kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kulea wengi alitoa sandukuni kifurushi cha mavi ya tembo makavu, akayamwaga juu ya makaa kwenye kigae, akamfunika mtoto kwa kanga amfukize. Kwake yeye, na kwa wazee wengi wa pwani, degedege huletwa na dege, shetani anayepita usiku kwa umbo la ndege, na moshi ule ndio humfukuza. Mimi nilikuwa nimeshatoa baiskeli nje.

"Mwalimu," aliniambia, "mpeleke, sikukatazi. Ila wasimchome sindano. Mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hafiki asubuhi."

Imani hiyo imewaua watoto wengi, lakini haikuzuka hewani. Mtoto anafukizwa, anakandwa, anasubiriwa. Anapofikishwa hospitali malaria imeshapanda kichwani. Anachomwa sindano, na baadhi yao hufa saa ileile. Ndugu waliosimama kando ya kitanda wanaona sindano, hawaoni siku mbili zilizotangulia. Ukiwaambia ni ushirikina wataitikia "ndiyo mwalimu" na kuendelea na yao. Binti yetu alichomwa kwinini, akazinduka siku ya pili akaomba uji. Hospitali ikasema imemponya. Mama mkwe naye akasema ni mafusho yaliyotangulia, la sivyo sindano ingemmaliza. Hakuna aliyeshindwa katika hoja ile, na mtoto alikuwa hai, kwa hiyo tuliiacha.

Watoto wengi wanaopata degedege kwa ajili ya homa hawaji kuwa na kifafa. Malaria iliyopanda ubongoni ni habari nyingine. Watafiti wa Kilifi, Kenya, waliofuatilia watoto waliopona malaria ya namna hiyo waliona kwamba kifafa huwapata zaidi kuliko wenzao. Tabibu aliyekuja kutusaidia baadaye aliamini ndicho chanzo chetu.

Binti yetu alipofika darasa la kwanza akaanguka mstarini, asubuhi, bendera ikipandishwa. Safari hii hakuwa na homa. Wenzake walitawanyika kama kuku walioona mwewe, na walimu wawili wakarudi nyuma wakishika nguo zao yasiwarukie mapovu. Niliinama peke yangu. Alipoacha kutikisika alilala usingizi mzito pale pale vumbini, kengele ikapigwa, masomo yakaanza.

Hospitali walimwandikia fenobabito. Ni dawa ya zamani: matumizi yake kwa kifafa yalianzia Ujerumani mwaka 1912, na hadi sasa ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa kwa ugonjwa huu. Kwa binti yetu ilishika. Akawa haanguki, ila akawa mzito. Alisinzia kwenye hesabu za asubuhi, na mwandiko wake, uliokuwa unanyooka, ukaanza kupanda na kushuka. Hakuna aliyetuambia kwamba usingizi ule ni wa dawa. Wala hakuna aliyetuambia dawa ile huendelea kunywewa mtoto akiwa mzima, na kwamba hata anapokaa muda mrefu bila kuanguka, kwa kawaida madaktari husubiri walau miaka miwili ya utulivu kabla ya kufikiria kuipunguza, tena kidogo kidogo. Sisi tulizoea dozi ya malaria: unameza, unapona, karatasi unaitupa.

Kisha siku moja, kwenye dirisha la dawa, muuguzi akasema bila kuinua macho: "Imekwisha. Mjaribu wiki ijayo, au mkanunue nje." Nje, kwenye maduka ya dawa ya mji wetu, haikuwepo. Wiki ijayo pia haikuwepo. Fenobabito ukiikata ghafla, ubongo uliozoea kutulizwa hulipuka. Mtoto alianguka, na kabla hajazinduka akaanguka tena, na tena, tukamkimbiza hospitali akiwa hajitambui, wakamtuliza kwa diazepamu. Ile ile hospitali iliyotuambia tujaribu wiki ijayo ndiyo iliyompokea kwenye machela.

Mama mkwe alikuwa na tafsiri yake tayari. "Mmeona? Dawa za hospitali zimeshindwa." Ukisimama mahali alipokuwa amesimama, ndivyo ilivyoonekana: amekunywa vidonge mwaka mzima, kisha ameanguka vibaya kuliko mwanzo. Ndipo ukoo ukakaa, na ikaamuliwa tumtafute mganga mkubwa, si yule wa mkekani wa mtaani kwetu.

Huyu alipiga ramli, akasema mtoto ana jini la baharini, tena jike, na kwamba jini la aina nyingine lingemwangusha kwa namna nyingine. Alitaka kuku, shuka nyekundu, marashi na fedha ambazo kwa mshahara wa mwalimu hazikuwa ndogo. Wanaosema watu hukimbilia kwa waganga kwa sababu ya umaskini hawajawahi kulipa ada ya mganga. Akaorodhesha miiko: asile nyama ya mbuzi, asile vitunguu saumu, asivae nguo nyeusi. Mwisho akaweka sharti kuu. "Dawa yangu haichanganywi. Vidonge viacheni leo."

Mke wangu, ambaye muda wote alikuwa ameinamisha kichwa, akakiinua. "Shikamoo nimekupa, babu, na miiko yote nitaishika," alisema. "Lakini vidonge vilikatika mara moja, na nikaona. Hilo sitaweza." Mama yake akamfinya. Mganga akanyamaza, kisha akasema yeye hawezi kushika mkono wa mtu aliyeshikwa na mwingine, akaturudishia sehemu ya fedha. Namheshimu kwa hilo la kurudisha fedha. Wengine wangezikalia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu, nilisoma andiko la Wayunani wa kale linalohusishwa na Hipokrati, la karne ya tano hivi kabla ya Kristo, kuhusu maradhi haya waliyoyaita matakatifu. Nilicheka peke yangu. Mwandishi anawashambulia waganga wa zama zake kwa kuwakataza wagonjwa nyama ya mbuzi, vitunguu saumu na mavazi meusi. Anaeleza pia jinsi walivyogawa maradhi kwa miungu: anayelia kama mbuzi ameshikwa na huyu, anayepiga yowe kama farasi ameshikwa na yule, anayetoa mapovu na kurusha miguu ni wa mungu wa vita. Kisha anauliza: ikiwa mbuzi ndiye analeta maradhi, mbona watu wa Libya ya ndani, wanaokula mbuzi na kulalia ngozi zake, hawaanguki wote? Maradhi, anasema, ni ya ubongo. Mganga wetu wa Tanga hakuwahi kusikia habari za Wayunani. Miiko ilifanana kwa sababu hofu ni ileile: mtu mzima wa afya anaangushwa chini na kitu kisichoonekana, halafu anainuka kana kwamba hakuna lililotokea. Ukiyaona hayo kwa mtoto wako, swali la "nani?" hukujia kabla ya swali la "nini?"

Baada ya mganga kutukataa tulikwenda kwa shekhe, mzee aliyekuwa akisomesha watoto chuoni. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaosha kwa maji na marashi ya waridi, akampa mtoto kombe anywe. Mke wangu akamuuliza moja kwa moja kuhusu vidonge. "Hii ni dua," akajibu, "na vile ni dawa. Nani amewaambia vinagombana?" Kisha akatusimulia hadithi iliyomo katika Bukhari, ya mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume, akamwambia huanguka kwa kifafa na nguo humfunuka, amwombee. Mtume akampa hiari: asubiri na apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu aombewe asifunuke anapoanguka, naye Mtume akamwombea hilo.

Mimi niliisikia kama mawaidha. Mke wangu alisikia kitu kingine. Jioni ile alitoa kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye sare ya shule, akakata kaptula ndefu ya kufika magotini, yenye mpira laini kiunoni usiombana mtoto, akaishona kwa cherehani ya jirani. Tangu siku hiyo binti yetu hakutoka nje bila kaptula chini ya sketi. Watoto wa shule wanaweza kusahau kwamba mwenzao alitikisika. Hawasahau walichokiona sketi ilipopanda. Katika tiba zote tulizopewa, hii ilikuwa ya kwanza iliyomfikiria yeye mwenyewe, msichana mdogo mwenye haya, badala ya kufikiria kifafa chake.

Tabibu niliyemtaja tulimpata kwenye kliniki ya magonjwa ya akili, kwa kuwa wagonjwa wa kifafa walipangiwa siku moja nao. Hilo lilikuwa zito kwa mke wangu. Alijifunika ushungi hadi puani asionekane kwenye foleni. Tabibu hakuwa na mashine wala cheo kikubwa. Alikuwa na kiti cha pili, akakivuta karibu na mtoto. Akauliza nani alikuwepo alipoanguka, shingo iligeukia upande gani, alianza kwa mkono au kwa mwili wote, siku iliyotangulia alilala saa ngapi. Nikamtazama mke wangu naye akanitazama: haya yalikuwa maswali ya mkekani. Akauliza pia, bila kukunja uso, ni waganga gani tumepitia na wametupa nini cha kunywa. Tulipomweleza habari ya kombe alisema maji ya zafarani hayana neno. Mitishamba ya kunywa, akasema, nileteeni niione, kwa sababu mingine hugombana na dawa na mingine huharibu ini.

Halafu akatueleza, kwa Kiswahili, kwamba ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo, na kuanguka ni umeme huo kupiga kwa pamoja, kwa nguvu, bila utaratibu. Hans Berger, Mjerumani, aliunasa umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na kipimo alichokianzisha ndicho tulichoandikiwa kwenda kufanya Dar es Salaam. Mtoto alifumuliwa nywele usiku kucha, akaoshwa kichwa kisipakwe hata tone la mafuta, akabandikwa waya kichwani kwa gundi. Karatasi zikatoka na mistari yake. Kipimo chenyewe kinaweza kutoka safi na mgonjwa akawa na kifafa, kwa hiyo aliyeambiwa "hatujaona kitu" asikimbilie kufurahi. Tabibu akambadilishia dawa, akamweka kwenye kabamazepini taratibu huku fenobabito ikipunguzwa, na usingizi wa darasani ukaondoka.

Alitupa na kazi ya nyumbani: daftari. Mimi nikalichora kwa rula, safu kwa safu: tarehe, saa, ameanguka kwa muda gani, kabla yake alikuwa anafanya nini, alilala vipi, dawa amekunywa au la. Mama mkwe, aliyekuwa hajui kusoma, akataka iongezwe safu ya mwezi. Nikaiongeza. Kila alipoanguka, bibi alitoka nje, akatazama juu, akaingia na kuniambia niandike nini. Mwezi mchanga, mwezi mpevu, giza, nikaandika yote kama alivyosema.

Daftari lilipojaa tulilisoma pamoja usiku mmoja. Kwenye safu ya mwezi hapakuwa na mpangilio wowote; aliangukia mwezi wa kila namna. Kwenye safu ya usingizi kila kitu kilikuwa wazi. Ameanguka asubuhi ya kuamkia harusi ya jirani, ngoma imelia hadi alfajiri. Ameanguka wiki ya mitihani. Ameanguka mara nyingi zaidi Ramadhani, kwa sababu aliamka daku na wenzake, na kidonge cha asubuhi kikasogezwa hadi magharibi. Mama mkwe alikaa kimya kitambo, akaniambia: "Basi mwalimu, mtoto huyu alale." Hakuna hotuba ya afya niliyowahi kuisikia iliyofika mbali kama safu ile ya mwezi. Tungeikataa, angeendelea kuamini kwamba jibu lilikuwa humo. Shekhe alipoulizwa habari ya Ramadhani alisema mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na tabibu akasema vivyo hivyo kwa maneno yake.

Shuleni ilikuwa vita nyingine. Mwalimu mwenzangu, kwa nia njema, alimsukumia kijiko mdomoni siku moja asimeze ulimi, likavunjika jino la mbele. Ulimi haumezwi. Mtu akianguka mwondolee vitu vigumu na moto karibu yake, mlegeze nguo shingoni, mlaze ubavu mate yatoke, usimtie chochote mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, na utazame saa. Ikipita dakika tano, hospitali. Niliyasema haya mstarini, mahali pale pale alipoangukia mara ya kwanza, nikamlaza mwanafunzi wa darasa la saba ubavu ili wote waone. Na mapovu? Ni mate yaliyochanganyika na hewa. Hayaambukizi chochote.

Hofu ya mapovu ninayoisema si ya Muheza pekee. Mahenge, wilayani Ulanga, ambako kifafa kimewapata watu wengi kupita kiasi, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wanaokula peke yao, wanaolala peke yao, wenye makovu ya moto kwa kuwa walipoangukia mekoni hakuna aliyethubutu kuwagusa. Akawapa fenobabito, wengi wakatulia. Huko huko alikuta watoto wanaoinamisha vichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, na utafiti wa miaka ya karibuni umeihusisha sehemu ya kifafa cha Mahenge na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wa mitoni. Kwa hiyo waliosema maradhi yale yana mambo ya mahali pale hawakukosea sana. Walikosea mhusika. Anayekataa dawa ya usubi inayogawiwa kijijini kwa sababu yeye haumwi macho na ajue hilo.

Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Shemeji alikodi nafasi kwenye gari na kumwandikisha binti yetu bila kutuuliza. Hatukumpeleka. Foleni ya siku kadhaa barabarani, bila usingizi, kwa mtoto ambaye daftari lake lilisema usingizi ndio ngao yake, haikuingia akilini, hata kama kikombe kingekuwa na nini. Shemeji hakusema nasi hadi Idi.

Kuna ushauri mwingine uliotujia ambao siuwekei kundi moja na kuku na shuka nyekundu. Jirani yetu mlokole alisisitiza mtoto afungishwe chakula, akitaja habari ya injili juu ya kijana aliyeangushwa na pepo. Sikuafiki, na bado sikubali mtoto kushindishwa njaa. Lakini ni kweli kwamba kufunga kula kulionekana tangu kale kupunguza kifafa kwa baadhi ya watu, na mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana unaoufanya mwili ujione kana kwamba umefunga. Mlo huo unatumika hadi leo kwa watoto ambao dawa zimewashinda, chini ya wataalamu wanaopima kila gramu. Kwa nyumba inayokula ugali mchana na wali usiku si jambo la kujaribu kwa kusikia. Bangi nayo: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kanabidioli, iliyotolewa kwenye mmea huo na isiyolewesha, kwa aina mbili nzito za kifafa cha utotoni. Ni dawa iliyosafishwa, iliyopimwa, inayojulikana kiasi chake. Mafuta ya kwenye chupa ya soda niliyoletewa na kijana wa mtaani, akiapa kwamba ni kitu kile kile, niliyamwaga shimoni.

Naulizwa mara kwa mara na wazazi vijana kama waende kwa mganga au wasiende. Siwezi kumkataza mtu mahali ambapo mke wangu alipata pa kulilia. Nawapa swali moja la kuuliza wakifika: je, atawaambia waache vidonge? Akisema ndiyo, inukeni, hata kama maji ya kunywa hamjamaliza. Akisema endeleeni navyo, basi dua na ubani havitamdhuru mtoto. Cha kunywa kipitie kwanza kwa tabibu. Na hospitali nako kuna swali: dawa hii tutakunywa hadi lini, na ikikosekana hapa tuipate wapi? Msiondoke dirishani bila jibu la swali la pili.

Binti yetu sasa ni mama. Kabla ya kuolewa alimweleza mchumba kila kitu, kaptula na daftari pamoja, na mchumba hakukimbia. Anameza vidonge kila siku na hajaanguka muda mrefu. Alipoanza kufikiria uzazi alikwenda kliniki mapema, akaanzishiwa foliki asidi, akaonywa asije akabadilishiwa valproeti, dawa nzuri kwa kifafa lakini yenye hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Kila msichana mwenye kifafa anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kubeba mimba, wala si baada yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka wakigunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Katika nchi maskini robo tatu hawapati tiba wanayoihitaji. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na ina baraza linalosajili waganga. Naliomba baraza hilo liweke katika masharti ya usajili kwamba mganga hamwachishi mgonjwa wa kifafa vidonge. Na Wizara ya Afya naiomba kitu kidogo zaidi: fenobabito isikosekane zahanati. Ni dawa ya mwaka 1912, na bei yake si kisingizio.